Kompyuta mpya, draiva zisizo zake: Mashine nzima inapoonekana mbovu

MFANYABIASHARA wa Tukuyu anayetaka kufungua duka la steshenari ana njia mbili za kupata kompyuta. Anaweza kununua iliyofungwa kiwandani, ikiwa na kila kitu ndani yake, au anaweza kununua vipuri kimoja kimoja, yaani bodi kuu, prosesa, kumbukumbu, diski na kasha, kisha fundi akaviunganisha. Njia ya pili humpa uhuru wa kuchagua, na mara nyingi humpunguzia gharama. Lakini ina kazi moja ambayo haionekani kwenye risiti ya dukani, nayo ndiyo huamua iwapo mashine hiyo itaanza kuingiza fedha siku ile ile au itakaa mezani wiki nzima. Kazi hiyo ni kusakinisha draiva zilizo sahihi.

Dalili za kazi hiyo kutofanyika vema zinafahamika. Kompyuta inawaka, Windows inafunguka, lakini maandishi kwenye kioo ni makubwa kupita kiasi na picha zimevutika. Spika hazitoi sauti. Waya wa mtandao umechomekwa na taa yake inamulika, lakini intaneti haipatikani. Printa inaguna, karatasi haitoki. Mwenye mali huhitimisha kuwa ameuziwa mashine mbovu, huirudisha kwenye boksi na kuipandisha Coaster kwenda Mbeya, safari ya takriban kilomita 70 kupitia Kiwira na Uyole, kwa fundi aliyeiunganisha. Fundi anaweka faili moja, kila kitu kinafanya kazi, na kompyuta inarudi Rungwe bila kubadilishwa hata kipuri kimoja.

Hasara ya safari hiyo haimhusu mwenye duka peke yake. Katika mji mdogo wa makao makuu ya wilaya, duka la steshenari ndilo ofisi ya wasiokuwa na kompyuta. Hapo ndipo mhitimu wa kidato cha sita hujazia maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, mtafuta ajira serikalini hupandishia vyeti vyake katika mfumo wa Ajira Portal, na mzazi aliyeshuka kutoka Mwakaleli huchapishia fomu ya mtoto ya kujiunga na shule. Maombi hayo yana siku ya mwisho, na siku hiyo haisogezwi mbele kwa sababu kompyuta ya duka fulani iko njiani kutoka Mbeya.

Mkalimani wa chipu

Draiva ni programu inayosimama kati ya mfumo endeshi, kama vile Windows, na kifaa kilichomo ndani ya kompyuta au kilichochomekwa kwake. Windows haijui namna ya kuzungumza na kila chipu inayotengenezwa duniani. Inachojua ni kutoa amri za jumla: toa sauti hii, peleka taarifa hizi, chora picha hii. Draiva ndiyo huzigeuza amri hizo kuwa lugha inayoeleweka na chipu inayohusika. Ni mkalimani, na kama ilivyo kwa wakalimani wote, ubora wake hauna maana iwapo lugha si yenyewe. Mkalimani hodari wa Kinyakyusa hana msaada wowote katika kikao cha Wamakonde.

Baadhi ya wafasiri wa Kiswahili huiita kiendeshi. Kwa bahati mbaya neno hilo hutumika pia kwa diski, na mkanganyiko huo umewafanya mafundi wabaki na draiva, ambalo kwa hakika ni neno lile lile lililokipa Kiswahili dereva wa basi, ila safari hii limeingia kwa mlango mwingine.

Kompyuta iliyofungwa kiwandani huja na draiva zake zote. Iliyounganishwa na fundi haina kitu. Windows inapowekwa kwa mara ya kwanza hutumia draiva za jumla ambazo Microsoft imezifungasha humo, na hizo hutosha kuwasha kioo, kibodi na kipanya. Kwa upande wa picha, kwa mfano, Windows huweka draiva iitwayo Microsoft Basic Display Adapter. Hiyo huonyesha picha, lakini haiitumii kadi ya picha kwa uwezo wake. Mtu aliyelipia kadi ya gharama kubwa na kubaki na draiva hiyo amelipia gari na kulisukuma kwa mkono.

Namba ya chipu, si jina la boksi

Kosa linaloongoza ni kutafuta draiva kwa jina lililoandikwa kwenye boksi. Kampuni kama ASUS, Gigabyte na MSI hutengeneza mabodi, lakini chipu za sauti na za mtandao zilizobandikwa juu yake hutoka kwingine, mara nyingi Realtek ya Taiwan au Intel ya Marekani. Si hivyo tu. Bodi mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na chipu tofauti endapo mtengenezaji alibadili muundo katikati ya uzalishaji. Gigabyte huchapa namba ya marudio kwenye pembe ya bodi yenyewe, kwa maandishi madogo yanayoanza na herufi rev, na katika tovuti yake kila marudio huweza kuwa na ukurasa wake wa draiva. Anayechukua draiva ya marudio mengine huweza kupata sauti na kukosa mtandao, akabaki akijiuliza.

Mfano ulio wazi zaidi ni kifaa kidogo cha kunasia Wi-Fi cha TP-Link, TL-WN722N, ambacho kiliuzwa kwa wingi duniani. Toleo lake la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros. Toleo la pili, lenye jina lile lile na umbo lile lile, lina chipu ya Realtek. Draiva ya la kwanza haifanyi kazi kabisa katika la pili, na tofauti pekee inayoonekana kwa macho ni namba ya toleo kwenye kibandiko.

Hivyo basi, njia ya uhakika ni kuiuliza kompyuta yenyewe. Katika Windows kuna sehemu iitwayo Device Manager, inayofunguliwa kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Start. Humo huorodheshwa kila kifaa, na kile kisicho na draiva huwekewa alama ya njano yenye mshangao, mara nyingi kikiitwa kifaa kisichojulikana. Ukikibofya mara mbili, maelezo hutoka pamoja na namba ya hitilafu. Namba 28 ina maana kwamba draiva haijawekwa kabisa. Hiyo ni habari njema, kwa kuwa hakuna kilichoharibika. Namba 10 ina maana kwamba kifaa kimeshindwa kuanza, na hapo sababu inaweza kuwa draiva isiyo yake au kifaa kibovu kweli.

Katika dirisha hilo hilo, chini ya kichwa cha Details, kuna orodha ya Hardware Ids. Hapo hutokea mstari wa namna hii: PCI\VEN_10EC&DEV_8168. Mstari huo unatisha kwa kuutazama, lakini una mambo mawili tu. Namba inayofuata VEN ni ya mtengenezaji wa chipu, na inayofuata DEV ni ya chipu yenyewe. 10EC ni Realtek. 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD, na 8086 ni Intel, namba inayolingana na jina la prosesa yake maarufu ya mwaka 1978. Kwa vifaa vinavyochomekwa kwa USB, herufi zake ni VID na PID badala ya VEN na DEV, lakini kanuni ni ile ile. Fundi mwenye namba hizo mbili hahitaji boksi wala kibandiko, na wala hahitaji kompyuta yenyewe: mwenye duka anaweza kupiga picha mstari huo kwa simu akiwa Tukuyu na kumtumia fundi aliyeko Mbeya au Dar es Salaam, naye akarudisha faili linalotakiwa. Nauli ya kwenda na kurudi inaokolewa kwa picha moja.

Baada ya chipu kujulikana, linabaki suala la toleo la Windows. Draiva iliyoandikwa kwa mfumo wa biti 32 haifanyi kazi katika Windows ya biti 64, na Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, ipo katika biti 64 pekee. Aidha, tangu Windows Vista ilipotoka rasmi Januari 2007, matoleo ya biti 64 hukataa draiva za ndani zisizo na saini ya kidijitali. Mwaka 2016 Microsoft ilikaza zaidi, ikataka draiva mpya za Windows 10 zisainiwe na yenyewe. Ujumbe wa kukataliwa unapotokea, baadhi ya mafundi huzima ulinzi huo ili kazi iendelee. Ni njia ya mkato ambayo mwenye kompyuta anapaswa kuikataa, kwa sababu zitakazoelezwa mbele.

Ufunguo uliofungiwa ndani

Ugumu mkubwa zaidi kwa mji ulio mbali na maduka makubwa ya vipuri ni kwamba draiva zote hupatikana kwenye intaneti, ikiwamo draiva ya kadi ya mtandao. Kompyuta isiyo na draiva hiyo haiwezi kufika kwenye tovuti inakopatikana.

Zamani tatizo hili lilipunguzwa na CD iliyokuja ndani ya boksi la bodi kuu. Ilikuwa kitu cha kutunzwa kama hati ya kiwanja, na aliyeipoteza alijutia. Kabla ya Julai 2009, waya wa SEACOM ulipofika pwani ya Tanzania, nchi haikuwa imeunganishwa na waya wowote wa intaneti wa chini ya bahari. Mawasiliano ya nje yalitegemea satelaiti, na baadhi ya wateja walitumia laini ya simu ya mezani. Kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, faili la draiva ya mtandao la megabaiti 10 lilihitaji dakika 24 hata kama laini ilienda kwa kasi yake yote na haikukatika. Draiva ya kadi ya picha ya siku hizi, ambayo kwa NVIDIA huzidi megabaiti 600, ingechukua siku nzima usiku na mchana.

Leo hali ni tofauti. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika hadi Kasumulu, mpakani mwa Malawi, na simu ya mkononi yenye intaneti imo mifukoni mwa watu wengi. Hata hivyo, CD nayo imeondoka. Makasha mengi mapya hayana nafasi ya kuwekea kisoma CD, na hata bodi inapokuja na diski hiyo hakuna mahali pa kuitumbukiza.

Kisha Windows 11 ikaongeza kikwazo. Toleo lake la nyumbani, na tangu mwaka 2022 toleo la Pro kwa matumizi binafsi, hutaka intaneti wakati wa kuwekwa kwa mara ya kwanza. Bodi mpya zenye Wi-Fi 6E au Wi-Fi 7, au zenye kadi ya waya ya gigabiti 2.5, huweza kuwa na chipu ambayo Windows iliyoko kwenye flashi ya usakinishaji haina draiva yake. Matokeo yake ni kwamba kompyuta husimama kwenye ukurasa wa kuchagua mtandao, orodha ikiwa tupu, kitufe cha kuendelea kikiwa kimefifia. Hapo ndipo wengi huamini kwamba kadi imeungua.

Dawa yake ni kujiandaa kabla ya kupanda Coaster. Vipuri vikishanunuliwa, Mbeya au Dar es Salaam, na kabla havijaondoka mahali penye intaneti nzuri, draiva ya mtandao, ya Wi-Fi na ya chipseti zipakuliwe kutoka tovuti ya mtengenezaji wa bodi na kuwekwa kwenye flashi. Ni kazi ya nusu saa. Matoleo ya karibuni ya Windows 11 yana kitufe cha kusakinisha draiva katika ukurasa huo huo wa mtandao, na flashi hiyo ndiyo inayotafutwa.

Iwapo maandalizi hayo hayakufanyika, ipo njia ya pili ambayo haijulikani kiasi inavyostahili. Simu ya Android ikiunganishwa na kompyuta kwa waya wake wa USB, na katika mipangilio ya simu kukawashwa kugawa intaneti kwa USB, Windows huichukulia simu hiyo kama kadi ya mtandao. Draiva ya jumla ya kazi hiyo tayari imo ndani ya Windows, hivyo kwa kawaida haihitaji kupakua kitu. Kompyuta hupata intaneti, hukamilisha usakinishaji, kisha hujitafutia draiva zake nyingi yenyewe kupitia Windows Update.

Tahadhari moja ni juu ya bando. Windows mpya ikipata intaneti huanza kuvuta masasisho, na kifurushi cha gigabaiti kadhaa huweza kuisha kabla hata draiva haijafikiwa. Katika mipangilio ya mtandao kuna sehemu ya kuieleza Windows kwamba muunganisho huo unalipiwa kwa kipimo. Ikiwashwa, Windows hujizuia kuvuta masasisho mengi, lakini huweza kuacha kuvuta draiva pia. Kwa hiyo inafaa kuvuta ya mtandao kwa mkono kutoka tovuti yake, kuzima simu, na kuendelea kwa intaneti ya waya au Wi-Fi ya dukani.

Diski isiyoonekana

Kuna hali nyingine ambapo draiva huhitajika mapema zaidi, hata kabla Windows haijaanza kuwekwa. Wakongwe wa fani hii wanakumbuka Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, ambayo haikuzijua diski za SATA katika hali ya AHCI. Fundi alilazimika kubonyeza F6 mwanzoni na kuingiza draiva kwa floppy, hata katika kompyuta ambazo hazikuwa tena na sehemu ya floppy. Mwaka 2015, bodi za prosesa za Intel za kizazi cha 6 zilipoingia sokoni, ilitokea kinyume chake kwa Windows 7: diski ilionekana, lakini kibodi na kipanya cha USB vilikufa mara tu ukurasa wa usakinishaji ulipofunguka, kwa kuwa Windows 7 haikuwa na draiva ya USB 3.0.

Kwa mashine za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, hasa laptopu, jambo hilo limerudi kwa jina la VMD. Ikiwa VMD imewashwa, Windows huweza kusema kwamba hakuna diski yoyote, ilhali SSD mpya ipo na ni nzima. Katika ukurasa huo kuna maneno Load driver. Draiva ya Intel ya hifadhi, ikiwa imefunguliwa kutoka faili lake la zip na kuwekwa kwenye flashi, huonyeshwa hapo, na diski hujitokeza papo hapo. Ni wachache wanaofikiria draiva wanapoambiwa hakuna diski. Wengi huirudisha SSD dukani.

Utaratibu wa kuweka

Mafundi wenye uzoefu huanza na draiva ya chipseti ya bodi kuu, kwa kuwa hiyo ndiyo huitambulisha Windows kwa njia zinazounganisha vifaa vingine. Hufuata mtandao, picha, sauti, kisha vitu vidogo kama Bluetooth. Si amri, na mashine nyingi husamehe anayebadili mpangilio, lakini kuweka moja moja na kuwasha upya kila inapotakiwa kuna faida moja kubwa: kitu kikiharibika, kinajulikana ni kipi. Anayeweka draiva sita kwa mpigo na kupata skrini ya bluu hana pa kuanzia.

Draiva ya picha ichukuliwe moja kwa moja kwa mtengenezaji wa chipu, yaani NVIDIA, AMD au Intel. Za sauti na mtandao zichukuliwe kwenye ukurasa wa bodi husika. Kama toleo jipya limeleta matatizo, Device Manager ina kitufe cha Roll Back Driver kinachorudisha la awali.

Kusasisha BIOS ni jambo tofauti na draiva, ingawa mara nyingi huwa katika ukurasa mmoja, na wasiojua huvibeba vyote kwa pamoja. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS, bodi isiyo na njia ya kujiokoa huweza isiwake tena. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, nyingi zikija na radi. Bila UPS, na bila sababu maalumu, BIOS iachwe kama ilivyo.

Kwa nini chanzo cha draiva ni muhimu

Programu ya kawaida ikikosea, yenyewe hufunga na kompyuta ikaendelea. Draiva nyingi hufanya kazi ndani kabisa ya kiini cha mfumo, mahali ambapo kosa moja huangusha kila kitu. Nyaraka za Microsoft zilizowekwa wazi katika kesi nchini Marekani mwaka 2008 zilionyesha kwamba karibu asilimia 29 ya matukio ya kuanguka kwa Vista yaliyorekodiwa mwaka 2007 yalihusishwa na draiva za NVIDIA. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la programu ya usalama ya CrowdStrike, inayofanya kazi katika kiini hicho hicho kupitia draiva yake, lilizima kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft, na kusimamisha ndege na hospitali katika nchi mbalimbali. Hao ni watengenezaji halali, waliokosea kwa bahati mbaya. Draiva iliyotiwa kitu kibaya kwa makusudi hupata mamlaka hayo hayo. Ndiyo maana kuzima ukaguzi wa saini ni sawa na kumpa mgeni ufunguo wa chumba cha kulala.

Kwa muda mrefu, mikusanyo ya draiva za kila aina imekuwa ikizunguka kwa mafundi kwa CD, kisha kwa flashi na diski za nje. Manufaa yake hayakataliki: mahali pasipo na intaneti, mkusanyo mmoja wa gigabaiti kadhaa unaweza kuokoa siku. Lakini kirusi cha Conficker, kilichoanza kuenea Novemba 2008, kilitumia njia hiyo hiyo ya flashi zinazohama mashine hadi mashine, kikisaidiwa na uwezo wa Windows wa wakati huo wa kuendesha flashi yenyewe bila kuulizwa. Microsoft iliuzima uwezo huo katika matoleo yake ya zamani kwa sasisho la Februari 2011. Programu za kujitafutia draiva zinazotangazwa mitandaoni nazo huwa na tabia ya kuingiza vitu visivyoombwa, na baadhi huchagua draiva inayokaribiana badala ya inayolingana. Mwenye namba ya VEN na DEV hazihitaji.

Kwa vipuri vya mtumba kuna ugumu wa ziada. Intel, ambayo Januari 2013 ilitangaza kuacha kutengeneza mabodi ya kompyuta za mezani, baadaye iliondoa draiva na BIOS za mabodi yake mengi ya zamani katika tovuti yake. Prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8 hazimo katika orodha rasmi ya Windows 11, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mashine kama hizo Linux inastahili kufikiriwa, si kwa sababu ni ya bure tu, bali kwa kuwa draiva zake nyingi zimo ndani ya kiini chenyewe, na bodi ya miaka 10 iliyopita mara nyingi huwa na kila kitu siku ya kwanza. Inapokwama ni katika kadi za NVIDIA, baadhi ya chipu za Wi-Fi, na printa.

Printa iwe ya mwisho

Katika duka la steshenari printa ndiyo roho ya biashara, na ndiyo huchomekwa kwa haraka kuliko vyote. Kwa printa nyingi za USB, programu yake inapaswa kuendeshwa kwanza, na waya uchomekwe pale tu inapoelekeza. Ukitanguliza waya, Windows huweza kuipa draiva ya jumla. Printa itachapa, mwenye duka ataridhika, na tatizo litaonekana siku mteja atakapoleta cheti cha kuskani kwa ajili ya maombi ya kazi: draiva ya jumla mara nyingi haina sehemu ya skana. Kutoa fotokopi kwa kubonyeza vitufe vya printa yenyewe kunaendelea kufanya kazi, na hilo huzidi kumchanganya mtumiaji, kwani skana hiyo hiyo inayodaiwa kuwa mbovu ndiyo inayosoma karatasi ya fotokopi.

Kila kifaa kikishafanya kazi, Windows 10 na 11 zina amri ya kunakili draiva zote zilizoongezwa. Hufunguliwa dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, hutengenezwa folda kwenye flashi, kwa mfano D:\draiva, na kuandikwa: pnputil /export-driver * D:\draiva. Siku Windows itakapohitaji kuwekwa upya, draiva hizo hurudishwa kwa amri ya pnputil /add-driver D:\draiva\*.inf /subdirs /install, bila intaneti na bila kwenda Mbeya. Kwa kompyuta yenye kadi ya NVIDIA folda hiyo huzidi gigabaiti moja, kwa hiyo flashi ya gigabaiti 8 inatosha, mradi iandikwe jina la kompyuta yake na isitumike kubebea nyimbo.